Udhibiti wa ubora katika ujenzi wa majengo ya biashara

Udhibiti wa ubora katika ujenzi wa majengo ya biashara ni utaratibu ambao mkandarasi mkuu hutumia kuhakikisha kwamba jengo linajengwa kama lilivyochorwa na kama mkataba unavyotaka. Majengo ya biashara ni pamoja na maduka, ofisi, hoteli, benki, maghala na viwanda. Hutofautiana na nyumba ya kawaida ya kuishi kwa sababu hubeba watu wengi na mizigo mizito, na hujengwa na kampuni nyingi kwa wakati mmoja. Aidha, mara nyingi mwenye jengo huwa anasubiriwa na wapangaji au anadaiwa na benki kabla kazi haijaisha.

Ugumu mkubwa wa kazi hii ni kwamba sehemu nyingi za jengo hufunikwa na sehemu inayofuata. Msingi hufukiwa, nondo humezwa na zege, mabomba na nyaya hufichwa ndani ya kuta na dari. Kosa ambalo halikuonekana kwa wakati wake haliwezi kurekebishwa bila kubomoa. Kwa sababu hiyo udhibiti wa ubora hutegemea hasa kusimamisha kazi katika hatua zilizopangwa, ili ikaguliwe, ipimwe na kuandikwa kabla hatua nyingine haijaanza.

## Historia

Wajibu wa mjenzi kwa kazi yake ni wa kale. Sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizoandikwa karne ya 18 KK, ziliagiza mjenzi auawe ikiwa nyumba aliyoijenga vibaya imeanguka na kumwua mwenyewe. Sheria hiyo iliadhibu baada ya maafa. Haikueleza namna ya kuyazuia.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, mwenye jengo wa Ulaya alikuwa akiwaajiri waashi, maseremala na mafundi wengine kila mmoja kwa mkataba wake. Huko London, Thomas Cubitt (1788–1855) alikuwa miongoni mwa wajenzi wa kwanza kuwaweka mafundi wa aina zote chini ya kampuni moja na kuwajibika kwa kazi nzima. Huo ndio mfano wa mkandarasi mkuu wa leo.

Upimaji wa zege kisayansi ulisonga mbele mwaka 1918, wakati Duff Abrams, aliyekuwa akifanya utafiti mjini Chicago, alipochapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba nguvu ya zege hutegemea hasa uwiano wa maji na saruji. Mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa viwango vya kwanza vya ISO 9000 kuhusu mifumo ya ubora, na baadaye makandarasi wengi duniani walivifuata.

## Wahusika

Katika mradi wa kawaida kuna pande zifuatazo:

* Mteja ndiye mwenye jengo na mlipaji.
* Msanifu majengo na wahandisi washauri huchora jengo, huandika masharti ya vifaa na kazi, na hukagua kwa niaba ya mteja.
* Mkadiriaji majenzi hupima kazi iliyofanyika ili ilipwe.
* Mkandarasi mkuu husaini mkataba na mteja na kuongoza kazi yote katika eneo la ujenzi (saiti).
* Makandarasi wasaidizi hufanya kazi maalumu kama umeme, mabomba, lifti, paa, alumini na vioo.
* Mamlaka za serikali hutoa kibali na kukagua kwa niaba ya umma.

Jambo ambalo huleta migogoro ni kudhani kwamba mhandisi mshauri akishapita, jukumu limehama. Kwa mikataba ya kawaida, ukaguzi wa mshauri haumwondolei mkandarasi mkuu wajibu wa kazi yake. Vivyo hivyo, kosa la mkandarasi msaidizi hubaki kuwa kosa la mkandarasi mkuu mbele ya mteja.

Katika kampuni kubwa, mhandisi wa ubora hawi chini ya meneja wa saiti, bali huripoti moja kwa moja makao makuu ya kampuni. Sababu ni kwamba meneja wa saiti hupimwa kwa kasi na gharama. Mtu ambaye kazi yake ni kusema "simamisheni" hawezi kusema hivyo kwa urahisi ikiwa anayemsimamisha ndiye bosi wake.

## Maandalizi kabla ya ujenzi

### Kusoma michoro

Kabla ya kuchimba msingi, mkandarasi hulinganisha michoro ya msanifu, ya mhandisi wa miundo, ya umeme na ya mabomba. Mara nyingi hugundua mgongano, kwa mfano bomba la maji machafu lililochorwa kupita katikati ya boriti. Kwenye karatasi mgongano huo humalizwa kwa barua moja. Kwenye saiti humalizwa na fundi mwenye nyundo na patasi, ambaye anaweza kukata nondo ili bomba lipite.

### Michoro ya karakana

Vitu vinavyotengenezwa nje ya saiti, kama vyuma vya paa, ngazi za chuma na madirisha, huchorwa upya na mtengenezaji kwa undani zaidi. Michoro hiyo hupelekwa kwa mkandarasi mkuu, kisha kwa mhandisi, na haitengenezwi hadi iidhinishwe. Hatua hii huonekana kama ya makaratasi tu, lakini ndiyo iliyoshindwa katika ajali ya Kansas City inayoelezwa chini.

### Mpango wa ubora

Mpango wa ubora ni waraka unaoorodhesha kila kazi, kipimo chake, atakayeikagua, na hatua ambayo haitavukwa bila saini. Mpango mzuri huandikwa kwa mradi wenyewe. Ule ulionakiliwa kutoka mradi mwingine hutambulika upesi, kwa mfano unapotaja lifti katika ghala lisilo na ghorofa.

### Kazi ya mfano

Kwa kazi zinazojirudia, kama vyumba vya hoteli, mkandarasi hukamilisha chumba kimoja kwanza. Mteja na msanifu hukikagua na kukikubali, nacho huwa kipimo cha vyumba vyote vinavyofuata. Hivyo ubishi wa "vigae vimenyooka au havikunyooka" humalizwa kwa kutazama, si kwa maneno.

## Ukaguzi wa vifaa

Vifaa hukaguliwa vinapofika getini, kabla havijachanganywa na vingine.

Nondo. Nondo pungufu haionekani kwa macho kirahisi, lakini hujulikana kwa mizani. Uzito wa mita moja ya nondo, kwa kilo, hupatikana kwa kuzidisha kipenyo chake cha milimita kwa chenyewe, kisha kugawanya kwa 162. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 10.7. Ikiwa kwa kweli ina milimita 11, uzito utakuwa karibu kilo 9. Upungufu huo wa milimita moja huondoa takriban asilimia 16 ya chuma chote, na kwa hiyo asilimia 16 ya nguvu aliyoitegemea mhandisi. Pamoja na kupima uzito, vipande hupelekwa maabara kuvutwa hadi vikatike.

Saruji. Hukaguliwa daraja lake (kwa mfano 32.5 au 42.5), tarehe na hali ya mfuko. Huhifadhiwa juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta, na iliyotangulia kuingia hutangulia kutumika. Saruji yenye mabonge imeshapata unyevu.

Mchanga na kokoto. Mchanga wenye udongo mwingi huzuia saruji kushikana. Fundi anaweza kuupima kwa kuutikisa ndani ya chupa ya maji na kuuacha utulie: udongo hubaki juu kama tabaka. Mchanga wa baharini una chumvi inayoozesha nondo, hivyo haufai kwa zege lenye chuma. Jambo hili lina uzito wa pekee katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, ambako hata hewa hubeba chumvi.

## Vituo vya kusimama

Kituo cha kusimama ni hatua ambayo kazi haiendelei bila saini ya mkaguzi aliyetajwa. Vituo vya kawaida katika jengo la ghorofa ni:

1. Upimaji wa mipaka na vipimo vya msingi kabla ya kuchimba.
2. Udongo wa chini ya msingi kabla ya kumwaga zege.
3. Nondo na mbao za fomu kabla ya kila umwagaji wa zege.
4. Mabomba na nyaya kabla ya kupiga plasta.
5. Tabaka la kuzuia maji kabla ya kuweka vigae au kufunika paa.
6. Dari kabla ya kufungwa.

Kituo cha tatu ndicho hurudiwa mara nyingi zaidi. Mkaguzi huhesabu nondo, hupima nafasi kati ya ringi, na huangalia urefu wa sehemu ambapo nondo mbili hupishana. Huangalia pia "biskuti", yaani vipande vidogo vya zege vinavyowekwa chini na pembeni mwa nondo ili zisigusane na mbao. Biskuti zikisahauliwa, chuma hukaa karibu na uso wa zege, unyevu hukifikia, nacho hupata kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hulipasua zege kutoka ndani miaka kadhaa baada ya jengo kufunguliwa.

Mkaguzi huangalia pia mirunda inayoshikilia fomu. Mrunda uliosimama juu ya udongo laini bila ubao wa chini huzama zege linapomwagwa, na slabu hupinda kabla haijakauka.

Mkandarasi hujaza fomu ya kuomba ukaguzi, kwa kawaida saa 24 kabla. Kosa la kawaida ni kuagiza magari ya zege kwanza na kuomba ukaguzi baadaye. Magari yanapokuwa yamepanga foleni getini, mkaguzi anayekuta nondo zimepungua huwa katika shinikizo la kuzipitisha. Makandarasi waangalifu hawaagizi zege hadi saini ipatikane.

## Upimaji wa zege

### Maji

Hatari kubwa ya zege ni maji yaliyozidi. Zege lenye maji mengi ni jepesi kusukuma na kusambaza, hivyo vibarua hulipenda. Kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, lita 25 za maji hutoa uwiano wa 0.5. Ndoo moja ya lita 10 ikiongezwa, uwiano huwa 0.7, na nguvu ya zege hupungua sana, ingawa saruji ni ileile na rangi haibadiliki.

Mchanga nao huleta maji. Mchanga mbichi huvimba, hivyo karai lililojaa mchanga mbichi huwa na mchanga kidogo kuliko karai la mchanga mkavu. Ndiyo maana miradi mikubwa hupima kwa uzito badala ya kuhesabu makarai.

### Kipimo cha mwanguko

Zege bichi hupimwa kwa pia ya chuma yenye kimo cha milimita 300, upana wa milimita 200 chini na 100 juu. Hujazwa kwa matabaka matatu, kila tabaka likishindiliwa mara 25 kwa fimbo ya chuma. Pia huinuliwa, na kimo ambacho zege limeshuka hupimwa. Likishuka kupita kiasi kilichoandikwa katika masharti, gari hurudishwa. Kipimo huchukua dakika chache na hutoa jibu papo hapo.

Muda nao huhesabiwa. Mikataba mingi huweka kikomo, mara nyingi dakika 90, tangu maji yalipochanganywa hadi zege lilipomwagwa. Katika jiji lenye msongamano wa magari na joto la pwani, kikomo hicho hufikiwa upesi, na dereva anayeongeza maji njiani ili zege lisigande huharibu mzigo wote.

### Michemraba

Kutoka katika kila umwagaji huchukuliwa sampuli na kujazwa katika vyombo vya chuma vyenye pande za milimita 150. Michemraba hiyo, yenye uzito wa karibu kilo 8 kila mmoja, huhifadhiwa majini na kuvunjwa kwa mashine, kwa kawaida siku ya 7 na ya 28. Zege lililoagizwa kwa nguvu ya newtoni 25 kwa kila milimita mraba linapaswa kustahimili kilonewtoni 562.5 kabla ya kuvunjika, sawa na uzito wa karibu tani 57 juu ya mchemraba mmoja.

Hapa ndipo palipo na mtego. Slabu ya ghorofa ya tatu ikimwagwa leo, jibu kamili litapatikana baada ya wiki nne, na kufikia hapo ghorofa ya nne huwa imeshasimama juu yake. Jibu baya linapokuja, gharama ya kulikubali ni kubwa kuliko ilivyokuwa siku ya kumwaga. Kwa hiyo mkandarasi mwangalifu huchukulia majibu ya siku 7 kama onyo la mapema: kwa saruji ya kawaida, zege linapaswa kuwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake.

Majibu ya siku 28 yakishindwa, hatua hufuatana: kupima kwa nyundo maalumu ya ugumu, kutoboa na kuvunja vipande vya zege lenyewe, mhandisi kurudia hesabu, na mwisho kuimarisha au kubomoa.

### Kumwagilia

Zege haliwi imara kwa kukauka. Huwa imara kwa saruji kuungana na maji. Likikaushwa na jua mapema hupasuka na kubaki dhaifu. Kwa kawaida humwagiliwa au kufunikwa magunia mabichi kwa siku 7 au zaidi. Ni kazi rahisi na ya bei ndogo kuliko zote, na pia ndiyo husahauliwa zaidi, hasa siku za Jumapili na sikukuu.

## Kazi zisizofuata masharti

Kasoro inapoonekana, huandikwa taarifa inayoeleza mahali, tatizo, chanzo, marekebisho na hatua ya kuzuia lisijirudie. Zege lenye matundu kama sega la nyuki, kwa mfano, halipakwi plasta na kusahauliwa. Hugongwa hadi sehemu imara, mhandisi huangalia kina cha matundu, kisha hujazwa kwa njia aliyoidhinisha.

Wingi wa taarifa hizo haumaanishi kwamba mradi ni mbaya. Saiti kubwa isiyo na taarifa hata moja kwa miezi sita huenda haikaguliwi. Vilevile fomu za ukaguzi zilizojazwa zote kwa siku moja na kwa kalamu moja huthibitisha tu kwamba fomu zilijazwa.

## Makabidhiano

Jengo linapokaribia kumalizika, mifumo hupimwa ikifanya kazi: mabomba hujazwa maji kwa shinikizo, paa bapa na mabafu hufurikishwa ili kuonyesha uvujaji, na nyaya, ving'ora vya moto, jenereta na lifti hujaribiwa. Mkandarasi mkuu huandika orodha ya kasoro mwenyewe kabla ya msanifu kuja na ya kwake.

Mteja huzuia sehemu ya malipo, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10, na huilipa kwa awamu: nusu wakati wa makabidhiano na nusu baada ya kipindi cha uangalizi wa kasoro, ambacho kwa kawaida ni miezi 6 hadi 12. Mkandarasi hukabidhi pia michoro inayoonyesha jengo lilivyojengwa kweli, kwa kuwa atakayetoboa ukuta miaka kumi baadaye anahitaji kujua nyaya zimepita wapi.

## Mifano ya kushindwa kwa udhibiti

Hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City (Marekani). Tarehe 17 Julai 1981 njia mbili za juu ndani ya ukumbi wa hoteli zilianguka na kuua watu 114. Mchoro wa awali ulizining'iniza njia zote mbili kwa fimbo za chuma zilizokwenda moja kwa moja kutoka darini. Ili kurahisisha utengenezaji, fimbo ziligawanywa mara mbili, njia ya chini ikaning'inia kwenye ile ya juu. Badiliko hilo liliongeza mara mbili mzigo kwenye maungio ya njia ya juu, nalo lilipita bila mtu kurudia hesabu.

Duka la Sampoong, Seoul (Korea Kusini). Lilianguka tarehe 29 Juni 1995 na kuua watu 502. Mwenye jengo alikuwa amebadilisha matumizi na kuongeza ghorofa ya tano wakati wa ujenzi. Mkandarasi wa kwanza alikataa mabadiliko hayo; aliondolewa, na kazi ikakamilishwa na kampuni ya mwenye jengo mwenyewe.

Rana Plaza, Savar (Bangladesh). Nyufa zilionekana tarehe 23 Aprili 2013. Benki na maduka ya chini yalifungwa, lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya juu waliagizwa kurudi kesho yake. Jengo liliporomoka asubuhi hiyo na watu zaidi ya 1,100 walikufa.

Dar es Salaam (Tanzania). Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara lilianguka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha.

Maafa ya Kansas City, Seoul na Savar hayakutokana na kukosekana kwa elimu ya ujenzi. Katika kila moja kulikuwa na wakati ambapo kazi au shughuli ingeweza kusimamishwa, na haikusimamishwa.

## Afrika ya Mashariki

Nchini Tanzania makandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo hupangwa katika madaraja saba, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi inayoruhusiwa. Wahandisi wana bodi yao, na vivyo hivyo wasanifu majengo pamoja na wakadiriaji majenzi. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) huweka viwango vya saruji, nondo na vifaa vingine. Kibao kinachosimamishwa mbele ya saiti, chenye majina ya mteja, mkandarasi na washauri, humwezesha raia yeyote kujua nani anawajibika. Saiti isiyo na kibao inastahili kuulizwa.

Nchini Kenya kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, inayowapanga makandarasi katika madaraja manane. Uganda ina Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013.

Usajili huthibitisha uwezo wa kampuni, lakini hauhesabu ringi za nguzo. Tatizo linalojulikana katika miji ya kanda hii ni mwenye jengo kutumia jina la mkandarasi aliyesajiliwa ili kupata kibali, kisha kuendesha kazi na mafundi wake mwenyewe. Katika hali hiyo kibao husimama mbele ya saiti, lakini vituo vya kusimama havina mtu wa kuvisimamia.